Maswali ya Wasomaji: Bia ya Nyumbani Iliyozidi Uchungu

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Nimepika lita 20 za bia nyepesi ya rangi ya dhahabu. Imeshamaliza kuchacha, ila bado iko kwenye ndoo na sijaijaza kwenye chupa. Nilipoionja, uchungu wake ulinikaa kooni hata baada ya kunywa maji. Maelekezo niliyoyafuata yalitaka gramu 30 za hopsi, yaani yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, zichemshwe kwa dakika 60, nami nilizipima kwa mizani kama yalivyosema. Pakiti yangu imeandikwa kuwa ina asidi za alfa asilimia 13, lakini maelekezo hayakutaja aina ya hopsi wala asilimia yoyote. Wenzangu wamenipa ushauri unaogongana: mmoja anataka niongeze sukari, wa pili anasema niichemshe upya, na wa tatu ameniambia niimwage. Je, bia hii inaweza kuokolewa?

JIBU: Ndugu msomaji, usiimwage. Kwa maelezo uliyotoa, bia yako haijaharibika. Imezidiwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho ni ile asilimia 13 uliyoisoma kwenye pakiti.

Uzito wa hopsi peke yake hauelezi bia itakuwa chungu kiasi gani. Ndani ya hopsi mna asidi za alfa, ambazo zikiwa bado mbichi haziyeyuki vizuri katika maji. Zinapochemshwa kwa muda mrefu, joto huzibadilisha umbo, na umbo hilo jipya ndilo linaloyeyuka, likabaki katika bia na kuipa uchungu wake. Zikichemshwa saa nzima katika maji ya kimea yenye uzito wa kawaida, takriban robo ya asidi hizo hubadilika na kudumu hadi mwisho. Sasa tupige hesabu. Gramu 30 za hopsi zenye asilimia 5 zina miligramu 1,500 za asidi za alfa. Robo yake ni 375, na ukigawanya kwa lita 20 unapata miligramu 19 hivi kwa kila lita, ambazo ndizo karibu vipimo 19 vya IBU, yaani kipimo cha uchungu kinachotumiwa na watengenezaji wa bia duniani kote. Gramu zilezile 30 zikiwa na asilimia 13 zinakupa vipimo 49. Huenda aliyeandika maelekezo yako alikuwa na hopsi za aina ya kwanza mkononi, wewe ukawa na za aina ya pili, na bia nyepesi iliyokusudiwa ikapata uchungu unaostahili bia nzito yenye kimea kingi. Lawama hapa ni ya maelekezo. Maelekezo yoyote yanayotaja gramu za hopsi za kuchemsha bila kutaja asilimia ya asidi za alfa yana pengo kubwa, na ninasisitiza jambo hili kwa sababu linawaponza wapishi makini kabisa, wale hasa wanaopima kila kitu kwa uangalifu kama ulivyofanya wewe.

Nianze na ushauri wa wenzako, kwa kuwa miwili kati yake ingekuongezea hasara. Ukiichemsha bia upya, kileo kitatangulia kutoka, maji yatafuata kama mvuke, na uchungu utabaki palepale, tena ukiwa umekolea zaidi kwa sababu ujazo umepungua. Asidi za alfa zilizokuwa hazijabadilika nazo zitapata nafasi ya kubadilika. Sukari ya mezani nayo haitadumu, kwa maana hamira ingali hai ndani ya bia hata pale inapoonekana imetulia na kuwa angavu. Itaila sukari hiyo yote, itaigeuza kileo na gesi, na utabaki na bia kali zaidi, nyepesi zaidi mdomoni, na yenye uchungu uleule ambao sasa hauna kimea cha kutosha cha kuupooza. Mtu akiongeza sukari kwa lengo la utamu kisha akaijaza bia kwenye chupa za kioo na kuzifunga, gesi itakayozalishwa inaweza kuzipasua chupa hizo, na vipande vya kioo vimewahi kujeruhi watu. Kwa hiyo wazo la sukari liache kabisa, isipokuwa ile kidogo iliyopimwa ya kuleta gesi wakati wa kujaza chupa.

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, hakikisha unaionja bia yenyewe na si vilivyomo ndani yake. Bia iliyotoka ndooni ikiwa na joto la chumba, bila gesi, na ikiwa bado na hamira na chembe za hopsi zinazoelea, huwa na uchungu wa kukwaruza ambao si wa kudumu. Tazama pia ukingo wa ndani wa ndoo, juu kidogo ya usawa wa bia: utaona utando wa kahawia uliokauka, ulioachwa na povu wakati bia ilipokuwa ikichacha kwa nguvu. Ukiwa na subira hadi ndoo iwe tupu, ukagusa utando huo kwa kidole na kuuonja, utaelewa mara moja kwa nini hautakiwi kurudishwa ndani. Ni uchungu mtupu uliopandishwa na povu na kujishika ukutani. Usiisukesuke ndoo wala usiukwangue utando huo. Iweke bia mahali penye baridi ya kati ya nyuzi 0 na 4 za Selsiasi kwa siku nne au tano, ili hamira na chembe zizame na kuwa mashapo, kisha chota kidogo kutoka juu ya mashapo hayo na uonje tena. Ukitaka hukumu ya haki zaidi, jaza chupa moja ya plastiki ya nusu lita, tia gramu 3 au 4 za sukari, ifunge, iache mahali penye joto la kawaida kwa wiki moja hadi iwe ngumu ukiiminya, ipoze, kisha unywe. Hapo utakuwa umeionja bia kama itakavyokuwa mezani. Wapo wanaogundua katika hatua hii kwamba bia yao haikuhitaji dawa yoyote, ingawa kwa vipimo 49 katika bia nyepesi sidhani kwamba utakuwa mmoja wao.

Kinachofuata kinategemea jambo moja ambalo ni vizuri kulikubali mapema: nyumbani huna njia ya kuutoa uchungu huu ndani ya bia. Unaweza kuugawa katika bia nyingi zaidi, unaweza kuupooza kwa ladha nyingine, au unaweza kuungoja upungue wenyewe. Katika hizo tatu, mimi nakushauri kwa moyo wote uugawe, maana yake uchanganye bia hii na nyingine iliyopikwa kwa hopsi chache. Ndiyo njia pekee inayoirudisha bia katika uwiano wake bila kuiongezea kitu kigeni, na faida yake ya pili ni kwamba utaishia na bia nyingi badala ya chache.

Pika lita nyingine 20 kwa kimea kilekile na hamira ileile, lakini safari hii chemsha gramu 15 tu za hopsi zenye asilimia 5 kwa dakika 60. Hesabu ileile tuliyoitumia juu itakupa vipimo 9 hivi. Ukichanganya nusu kwa nusu, vipimo 49 na 9 vinakutana katikati, kwenye 29, uchungu ambao watu wengi huufurahia katika bia ya rangi ya dhahabu. Na ukitaka upole zaidi, weka sehemu moja ya bia chungu kwa sehemu mbili za ile mpya, utapata 22. Ngoja bia ya pili imalize kuchacha kabisa. Namna ya kujua ni kupima kwa haidromita, yaani kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na wa maji, siku tatu mfululizo na kuona kwamba namba haisogei. Kisha hamisha bia zote mbili kwa mpira safi, mdomo wa mpira ukiwa umezama chini kabisa ya chombo kipya, ili bia ijae polepole bila kurukaruka, kwa sababu bia iliyokwisha kuchacha ikikutana na hewa hupata ladha ya karatasi iliyolowa baada ya wiki chache. Baada ya kuchanganya, iache siku kadhaa kabla ya kujaza chupa na uipime tena kwa haidromita, kwani hamira ya bia moja huweza kuikuta sukari iliyoachwa na nyingine na kuanza kazi upya.

Usichanganye ndoo nzima kabla ya kujaribu kwenye glasi. Panga glasi nne, kila moja iwe na mililita 100 kwa jumla, na ubadilishe uwiano wa bia hizo mbili kutoka glasi hadi glasi. Mwombe mtu mwingine azipange upya usipotazama, ili ulimi uamue wenyewe bila kuongozwa na matarajio. Ikiwa bia ya pili bado haijawa tayari, unaweza kutumia bia yoyote ya dukani isiyo chungu kwa jaribio la glasi tu. Litakupa picha ya kutosha ya kukuonyesha kama njia hii inakufaa.

Ikiwa huwezi kupika mara ya pili, basi ipooze. Laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, hailiwi na hamira ya kawaida ya bia, kwa hiyo utamu wake mdogo na uzito wake mdomoni hubaki. Yeyusha gramu 10 katika maji ya moto yaliyokwisha kuchemshwa, hadi ujazo wote uwe mililita 50, kisha tumia bomba la sindano lisilo na sindano kuongeza mililita moja moja kwenye mililita 100 za bia. Kila mililita moja ni sawa na gramu 40 katika ndoo yako ya lita 20, kwa hiyo ukiridhika katika mililita 5, unahitaji gramu 200. Itie kwa kipimo kidogo kwanza, kwa maana bia nyepesi iliyotiwa laktosi nyingi huanza kunata mdomoni na hupoteza ile sifa ya kukata kiu. Tena ni wajibu wako kuwaambia utakaowakaribisha kwamba bia ina sukari ya maziwa, kwa kuwa wapo ambao miili yao haiwezi kuisaga na watapata maumivu ya tumbo.

Kloridi ya kalsiamu ya daraja la chakula nayo husaidia kwa namna tofauti: haileti utamu, bali hulainisha na kuijaza ladha ya kimea, ambapo jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, hufanya kinyume kwa kuunoa uchungu uonekane mkavu zaidi. Gramu 2 hadi 4 kwa lita 20 zinatosha. Yeyusha gramu 1 katika mililita 100 za maji, na kila mililita ya maji hayo utakayotia kwenye mililita 100 za bia itawakilisha gramu 2 katika ndoo nzima. Ukizidisha, bia itakuwa na chumvi, na chumvi haiondoki. Kama katika kupika ulikuwa umetia jasi kwenye maji kwa kufuata maelekezo, basi tumepata mchangiaji wa pili wa tatizo lako.

Kuhusu kungoja, nitakuwa mfupi. Asidi zinazoleta uchungu hupungua kadiri bia inavyokaa, lakini kasi yake ni ya miezi, si siku, na harufu nzuri ya hopsi hutangulia kupotea kabla ya uchungu. Bia nzito huvumilia safari hiyo. Bia nyepesi kama yako huzeeka vibaya. Ukiamua kungoja, ngojea kwenye baridi na gizani, kwa sababu mwanga wa jua huivunja asidi hiyohiyo na kuzalisha harufu mbaya inayofanana na ile ya kicheche.

SWALI: Nami nina shida kama hiyo, ila bia yangu iko kwenye chupa kwa wiki mbili sasa na tayari ina gesi. Je, nifungue chupa zote, nizimimine kwenye ndoo na kuzirekebisha, kisha nijaze upya?

JIBU: Hapana. Katika kumimina chupa moja baada ya nyingine utapoteza gesi, utaingiza hewa nyingi kuliko bia inavyoweza kuvumilia, na utaishia na bia ambayo si chungu tu bali pia imechakaa. Usifungue chupa ili kutia sukari ndani yake pia. Bia yenye gesi hufoka mara inapoguswa na chembe za sukari, na ile itakayobaki ndani itachacha upya chini ya kizibo.

Rekebisho lako sasa liko kwenye glasi. Zisimamishe chupa wima kwenye friji kwa wiki nzima, ili hamira ishikane vizuri na kitako cha chupa. Unapomimina, inamisha chupa mara moja tu na uendelee bila kuirudisha wima, huku ukitazama shingo yake. Mara tu utakapoona mkia wa ukungu ukianza kusogea kuelekea mdomoni, acha, hata kama imebaki bia ya upana wa kidole. Sehemu hiyo ya mwisho ina hamira, na hamira hukusanya sehemu ya asidi chungu inapozama, kwa hiyo wanaoitikisa na kuinywa hujiongezea uchungu wenyewe. Ikiwa bado ni chungu mno, changanya kwenye glasi na bia nyingine isiyo chungu au na soda ya limau yenye baridi, ambayo sukari na asidi yake huupooza uchungu vizuri sana. Hakuna aibu yoyote katika kunywa hivyo, na kwa bia ya chupa sijui njia iliyo bora zaidi.

Ningekuonya tu usiitumie kupikia mchuzi unaochemshwa hadi ukauke nusu, kwa kuwa utaukoleza uchungu uleule unaoukimbia. Kwa unga wa kukaangia, ambako bia ni kidogo na haipunguzwi kwa moto, itakufaa.

SWALI: Bia yangu ina hopsi chache, gramu 20 za asilimia 4 kwa lita 20, lakini kila anayeionja anasema ni chungu. Nilisuuza machicha ya kimea kwa maji yaliyokuwa yakichemka, mara tatu, ili nisipoteze utamu wowote. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwa kipimo hicho cha hopsi bia yako ina vipimo 10 tu vya uchungu, kwa hiyo sidhani kwamba watu wanaonja hopsi. Jaribu hivi: meza funda moja, kisha pitisha ulimi kwenye fizi na ndani ya mashavu. Uchungu wa hopsi hukaa nyuma ya ulimi na kooni. Lakini kama mdomo unakauka na fizi zinakuwa kama zimekunjamana, kama baada ya kunywa chai ya rangi iliyoachwa majani kutwa nzima, huo ni ukakasi, nao unatoka kwenye maganda ya shayiri.

Maganda hayo yana tanini. Maji yanayozidi nyuzi 77 za Selsiasi, hasa pale asidi ya maji ya kimea inapokuwa imeshuka na pH kupanda kukaribia 6, huzing'oa tanini hizo na kuzipeleka kwenye bia. Usuuzaji wa kwanza hulindwa na kimea chenyewe, ambacho huyafanya maji kuwa na asidi kidogo. Usuuzaji wa tatu, machicha yakiwa yameshaoshwa na maji yakiwa yanatokota, hauna ulinzi huo. Laktosi haitakusaidia hapa sana, na hesabu ya kuchanganya kwa vipimo vya IBU haina maana, ingawa kuchanganya kwenyewe bado kunapunguza ukakasi.

Kinachofaa ni baridi na jelatini. Poza bia hadi kati ya nyuzi 0 na 4. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha jelatini isiyo na ladha juu ya mililita 150 za maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa, iache dakika 10 ivimbe, kisha ipashe moto taratibu hadi nyuzi 70 bila kuiacha ichemke, na uimimine kwenye bia yako. Itajishika na tanini na kuzama nazo. Baada ya siku tatu hamisha bia iliyo juu na uache mashapo. Jelatini hutokana na wanyama, kwa hiyo asiyetumia vitu vya wanyama atumie baridi peke yake na ajipe wiki tatu au zaidi, maana tanini nyingine hushikana na protini za kimea na kuzama zenyewe.

Safari ijayo weka kipimajoto ndani ya maji ya kusuuzia na usiyaruhusu yapite nyuzi 76. Kila baada ya lita chache, kinga kidogo ya yanayotoka, yapoze, na uyapime kwa haidromita; yakifika 1.010, funga koki, hata kama sufuria bado haijajaa, na ujazie maji safi ya kawaida.